Anti Araba Quainoo na Karatasi Iliyobanduliwa Mapokezi

Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba, Bi Araba Quainoo, fundi sanifu wa maabara yetu ya meno, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ebo wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida letu, na ikaniomba niandike kwa furaha, bila kugusa mambo ya watu. Furaha nitajaribu. Hilo la pili siahidi.

Alikuja Cape Coast kutoka Saltpond akiwa na cheti kimoja na mdomo usionyamaza. Maabara aliyokabidhiwa ilikuwa stoo ya ndoo na mafagio. Akaisafisha mwenyewe, kisha akaanza kuwaomba madaktari meno waliyoyang'oa, akayahifadhi kwenye chupa. Mhubiri mmoja mzee alirudi kudai gego lake, akitaka azikwe nalo. Gego lilikuwa limeshakatwa vipande viwili. Anti akamfungia nusu kwenye karatasi, akamwambia, "Chukua hii, baba. Nusu nyingine bado iko kazini." Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kazi yake ilikuwa kupima ugumu wa enameli, lile gamba la juu linalolinda jino. Mashine yake ina ncha ya almasi inayolikandamiza jino na kuacha alama, na alama hiyo hupimwa kwa hadubini. Alama ikiwa kubwa, ujue jino limelainika. Wanafunzi wengi wamepita mikononi mwake, na baadhi yao leo ni wakubwa wake wa kazi. Hakuwahi kulilalamikia hilo, nami ndiye ninayelilalamikia.

Sasa niseme kilichonikaa kooni.

Miaka miwili iliyopita zahanati yetu ilianza kung'arisha meno ya maharusi. Na kwa kuwa sisi ni watu wakarimu, kila bi harusi akishuka kitini, dawa ndiyo kwanza imefutwa, alipewa chupa ya sobolo, ile juisi chachu ya maua ya rosela, baridi, yenye ndimu na tangawizi, imebandikwa jina la zahanati. Mgeni haondoki hivi hivi. Anti Araba aliiona chupa ile mara moja tu, akaenda kujifungia maabara kwa miezi minne. Akang'arisha meno, mengine akayaweka kwenye mate, mengine kwenye sobolo ile ile. Yaliyokaa kwenye mate yalirudisha sehemu kubwa ya ugumu wake. Yale ya sobolo yalibonyea kama sabuni iliyosahauliwa majini.

Akaandika onyo kwenye karatasi moja, akaibandika mapokezi. Dkt. Yankah, mkuu wa zahanati, aliisoma akiwa amesimama.

"Anti, unatufukuzia wateja."

"Nawalindia meno, Daktari."

"Bibi zetu wamekunywa sobolo miaka yote. Nani kafa?"

"Bibi zetu hawakupakwa dawa yako kwanza."

Daktari akaniamuru niibandue. Nikaibandua, kwa mkono huu huu unaoandika, na sijaacha kujikasirikia.

Mwezi wa nne mwaka huu akaja Baaba Arkorful, bi harusi wa Elmina, wiki mbili baada ya ndoa, kashika shavu. Alikunywa chupa yetu, kisha sobolo ya sherehe siku tatu mfululizo. Hata akivuta pumzi, meno yalimuuma.

"Kaka Ebo, mlikuwa mnajua?" aliniuliza.

Nilimwambia amsubiri daktari. Daktari akamwambia ni kawaida, itapita. Anti alipopata habari hakugombana na mtu. Alikwenda kuketi na yule binti kwenye benchi mpaka saa tisa, akamweleza kila kitu.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Tumemnunulia saa ya ukutani na vitambaa viwili. Alichoomba yeye ni karatasi yake irudi mapokezi kabla hajaondoka. Kamati imemjibu kwamba ombi litajadiliwa Oktoba, yaani akiwa ameshakwenda zake.

Jarida hili huwekwa kwenye kila kiti cha wagonjwa, na ukurasa huu naupanga mimi. Maneno yake ni haya, sijapunguza hata moja: "Ukishang'arishwa meno, kunywa maji. Siku mbili usiguse sobolo, soda wala ndimu. Enameli ikiisha haioti tena. Ukipewa chupa hapa, ikatae, wala usione haya. A. Quainoo, maabara."

Asante, Anti, kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wanaosikia wanachoambiwa. Nakala mia nne zimeshagawiwa vitini, na atakayetaka zitolewe amtafute mtu mwingine wa kuzitoa.