Taa ya Bibi Ulaayu Iwake Ukumbini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Leetia Aqpik, Waziri wetu wa Utamaduni, wazee wetu, watoto mliotulia, nanyi mliogoma kutulia:

KARIBU TENA
Sisi wachonga mawe na watunza taa wa Ujarattalik, kijiji hiki cha barafuni, tuna furaha tele. Tulidhani dhoruba ingeirudisha ndege yako. Umefika, na nyama ya sili, yule mnyama wetu wa baharini, inakungoja.

TULIKOTOKA
Jiwe tunalochongea sanamu za dubu za kuuza ndilo lililowapa mama zetu taa za mafuta. Kwa taa hizo waliyeyusha barafu ya kunywa, wakakausha viatu vya wawindaji, wakatulea. Hii iliyo mbele yako aliichonga marehemu mume wa Bibi Ulaayu, mwalimu wetu wa taa, kabla hajathubutu kumposa.

TULIYOYAFANYA
Wasichana wetu sasa wanaponda mafuta ya sili na kuchuma pamba ya nyikani ya utambi. Mchongaji mwenzetu Pauloosi amewachongea taa zao. Ya kwanza ilivuja. Yeye anasema jiwe lilikuwa baya. Sisi tunasema ni Pauloosi.

KINACHOTUKWAZA
Siku ulipotufungulia ukumbi huu, Bibi aliwasha taa inavyotakiwa: moto mfupi, usio na moshi. Mheshimiwa, ukamwambia, "Bibi, pandisha moto kidogo, picha itoke." Bibi hawezi kumkatalia mgeni. Akaupandisha, ukafuka, king'ora kikalia, sote tukatimkia kwenye theluji. Picha ilitoka nzuri, ile pale ukutani. Tangu hapo wenye jengo wamepiga marufuku moto humu. Hatukulaumu, tunakupenda, tunaeleza tu ilivyokuwa.

Nje nako upepo huizima taa. Basi wasichana hujifunzia kwenye taa isiyowaka. Bibi amebakiwa na jicho moja, nalo linafifia. Juzi alitufokea: "Mnanitania? Moto haufundishwi kwa mdomo! Nikishapofuka nitawaonyesha nini, nyie?" Tulicheka, kisha tukalia.

OMBI
Hatuombi fedha. Tunaomba ruhusa, leo hii, Bibi angali anaona. Mkuu wa zimamoto yuko mlangoni na ndoo ya theluji. Anasema neno lako linamtosha, yeye na wenye jengo. Mafuta yamo, utambi umepangwa, wasichana wameshaketi. Bibi naye ametutuma: "Mwambieni huyo mjukuu wangu Waziri, safari hii asinipangie moto. Akae, atazame."

Mungu akulinde angani, akufikishe kwako salama. Kiberiti kiko mkononi mwa Bibi, Mheshimiwa. Anakusikiliza.

Ni sisi,
Wachonga Mawe na Watunza Taa wa Ujarattalik