Saa ya Marehemu Ogola

Melini kuelekea Kendu Bay, mwaka 1984, nilikuwa nikivuta tasbihi mkabala na Oketch alipomkazia macho abiria aliyeketi kando yake, Muhidin, mkusanyaji wa saa kuukuu. "Bwana, hiyo saa ilikuwa ya baba yangu. Jina yake, Ogola, iko hapo nyuma."

"Lipo," alikiri Muhidin. "Niliinunua soko la Kibuye, kwa ndugu yake."

"Matanga ikiisha, ndugu ndio hugawana vitu. Mimi nilipewa koti. Niuzie!"

"Koti lina joto, bwana. Saa siuzi."

"Basi nisikie tu. Nikiwa mdogo nililalia mkono wake, ikilia hivyo."

Muhidin akaivua. Tasbihi ikasimama vidoleni mwangu, Mola anisamehe.

Meli ilipotia nanga, Muhidin alikuwa amenyoosha mkono, na Oketch angali ameiweka sikioni, amefumba macho.