Romani Mbonde, Sauti ya Saa Kumi

Baba Padri, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wa msikitini mliokuja kumzika jirani yenu Mkristo, na nyinyi watani zetu Wamwera mliolizuia jeneza mkidai halitoki mpaka tuwape kuku, mimi mdogo wake marehemu nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda tangazo lililopooza, mniwie radhi nikisoma kwa furaha.

Marehemu Romani Mbonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Kipatimu, katika milima ya Matumbi, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, na mama yetu Magdalena alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kulia kabla hajamaliza kutoka, na wakunga waliokuwepo hawakumkanusha.

Alisoma shule ya misheni mwaka 1943 hadi 1947, akaishia darasa la nne, si kwa kukosa akili bali kwa sababu karakana ya misheni ilimvuta kuliko ubao, na humo alijifunza kufungua na kufunga saa, taa za karabai na gramafoni, na zikibaki skrubu mbili mezani aliapa kwamba hazikuwa na kazi. Tarehe 12 Julai 1958 alifunga ndoa na Scholastica, aliye mbele yenu hapa, na Mungu akawajalia mabinti watatu, Martina mwaka 1959, Helena mwaka 1963, na Theresia mwaka 1970, huyu wa mwisho akitangazwa kijiji kizima na baba yake kabla mkunga hajanawa mikono.

Asubuhi ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alijitwisha gramafoni mpaka uwanja wa shule, akapiga santuri zake saba kwa zamu, watu wakacheza mpaka sindano ikawa butu, naye akainoa kwenye jiwe wakaendelea. Mwaka uliofuata aliajiriwa Kilwa kwenye gari la matangazo la Maendeleo ya Jamii, na palipokuwa hapafikiki kwa gari alibeba bomba la kipaza sauti begani, hata Songo Mnara alivuka nalo, akawatangazia wavuvi madarasa ya kisomo, akiwachanganyia na muziki ili wasiondoke.

Mwaka 1969 alihamia kijiji chetu hiki cha ujamaa, karibu na Mingoyo, akiwa na kipaza sauti alichokabidhiwa gari lile lilipokufa, akakifunga juu ya ghala la korosho, na yeye akakaa ndani na betri ya gari, gramafoni, na redio ya kijiji. Kila siku saa kumi alasiri alianza na habari zetu, nani kajifungua, mbuzi wa nani kapotea, korosho zinapimwa lini, kisha santuri mbili, kisha anatutajia vipindi vitakavyokuja kutoka Dar es Salaam, na kwa namna alivyovisifia mtu angeacha ugali mezani, ndipo aiweke redio mbele ya kipaza sauti tusikilize wote.

Ndugu waombolezaji, hapa familia imeniagiza nisiruke, maana marehemu mwenyewe hakuruka. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya afya, vikundi vyetu vilikuwa vikisikiliza somo la redio kila Alhamisi, na betri za redio zikichoka Romani alizianika juu ya bati zipate uhai wa siku mbili tatu, lakini wiki ile mvua za mwisho wa masika hazikuacha jua lichungulie, dukani betri hakuna, na alasiri ya tarehe 10 Mei, watu zaidi ya mia wakiwa wamekaa nje ya ghala na madaftari, redio ikakata roho katikati ya kibwagizo. Kipaza sauti, kilichotumia betri ya gari, kilikuwa bado kizima. Romani aliwaona kupitia ufa wa mlango, wamechoka na mashamba, wamekuja kwa sababu yeye aliwaita, akaona haya kuwarudisha mikono mitupu, basi akakohoa, akaigiza sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam, akafundisha somo la vyoo alilolikumbuka kutoka kitabu cha kampeni, na ulimi ulipopata moto akaongeza kwamba kijiji chetu kimetajwa kwa jina miongoni mwa vinavyotazamiwa kuongoza wilaya nzima.

Jamani, mnakumbuka shamrashamra zile? Kwa siku tisa vilichimbwa vyoo sitini na vinne, watu waliimba mashimoni, na mwanakijiji mmoja alimwandikia barua mwanawe aliyeko mjini kwamba sasa tunajulikana hadi Dar es Salaam. Siku ya kumi akaja bwana afya wa wilaya, akastaajabu, akauliza tulisikia wapi, tukamjibu kwa kujigamba kwamba tulisikia redioni, naye akasema Alhamisi ile yeye pia alisikiliza, na somo lilikuwa la mbu.

Mwenyekiti wetu wa wakati ule, mzee Hasani Nassibu, aliitisha mkutano papo hapo, na angeweza kulimaliza jambo lile kwa kusema watu walisikia vibaya, tena alimkonyeza Romani anyamaze, kwa kuwa wote wawili walijua kwamba kipaza sauti kingeweza kuchukuliwa, na kumnyang'anya Romani kile ni kumkata pumzi. Romani alisimama. Akasema, "Siku ile Dar es Salaam haikunena neno, betri zilikufa, aliyesema ni mimi."

Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana migongo ilikuwa bado inauma, na aliyeandika barua alitoka mkutanoni bila kuaga. Kisha akainuka Bi Sada, mtani wetu, ambaye tunaye hapa, akasema, "Mmatumbi, shimo langu nimeshalichimba, silifukii kwa ajili yako. Ila kuanzia leo ukisema wewe, tuambie ni wewe, ukipatia tukujue, ukikosea tukujue." Mkutano ukaamua anyamaze siku arobaini, na siku hizo, anasema Scholastica, alikonda kuliko wakati wa Kwaresima, kwa hofu kwamba hata akirudishiwa mdomo hataaminiwa tena.

Aliporudi, hakufungua matangazo siku hata moja bila kujitaja jina kwanza, na akikosea alisahihisha kesho yake kwa jina lilelile, hata mwaka 1976 alipotangaza vibaya siku ya kupima korosho alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu kuomba radhi. Polepole watu wakawa hawaamini jambo mpaka Romani amelisema, hata likitoka kwa mwenyekiti.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Februari mwaka huu wa 1983, akalazwa hospitali Lindi tarehe 11 Aprili, akaruhusiwa tarehe 27, na akafariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 2 Mei, saa tatu asubuhi. Saa nne katibu wa kijiji aliingia ghalani akatangaza msiba, akisoma vizuri kabisa, lakini hakuna aliyelia wala kuacha jembe, na baada ya kitambo tukasikia hodi mlangoni, ni Bi Sada na wazee wawili, wametoka shambani na udongo miguuni, wakamwambia Scholastica wamesikia jambo kwenye kipaza sauti na hawakulielewa, kwa hiyo wamekuja kumuuliza Romani kama ni kweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lindi, majirani mliopika na kuchimba kaburi, wenzake wa Maendeleo ya Jamii waliofika kutoka Kilwa, na watani, ambao kuku wao yuko jikoni.

Pumzika kwa amani, kaka. Leo tunatangaza sisi, na wewe usikilize.