Kabichi za Alois na Kiingereza cha Bomani

Mwaka ule wa hamsini na nne, benchi letu lilikuwa barazani kwa Gulam, kando ya njia ya bomani. Hapo hakuna aliyekwenda serikalini bila sisi kujua, wala aliyerudi bila sisi kumwambia alikosea wapi. Asubuhi moja Alois alishuka kutoka Uluguru na shida yake. Serikali ilitafuta mtu wa kuipelekea hospitali kabichi mwaka mzima. Maombi yatiwe katika sanduku la bomani leo kabla ya saa sita, tena yawe kwa Kiingereza. Alois na dada yake Theresia walikwisha kupanda kabichi shamba zima la ukoo, mpaka ukingoni mwa njia. Kiingereza hawakupanda.

— Shikamooni, wazee. Nisaidieni kuandika, la sivyo zitaniozea.

— Marahaba. Kaa, kunywa kahawa, — akasema Meja, aliyepika jeshini Burma akarudi na cheo alichojipa mwenyewe. — Kiingereza ninacho.

— Unacho cha kufokewa, — Gulam akadakia kutoka dukani, akileta karatasi.

— Lakini kwa nini Kiingereza? — Alois akauliza. — Wagonjwa wenyewe si Waluguru?

Wakili, aliyewahi kufagia mahakamani na kuondoka na sheria zote, akakohoa.

— Siri ya dola. Ukiandika Kiswahili, kila mtu atajua serikali inakula nini.

— Wapi! — akapinga Meja. — Barua hizi zinakwenda Ulaya, Malkia anazisoma kabla ya kulala. Umsumbue mama wa watu na Kiswahili?

— Nyote hamjui, — akasema Gulam. — Kabichi kwao ni Ulaya. Ikisikia inauzwa kwa Kiswahili, inanyauka.

— Zangu zinasikia Kiluguru tangu mbegu, na kila moja ni kubwa kuliko kichwa cha Meja!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Meja akachukua kalamu, na ubishi ukahamia kwenye salamu, maana pale hakuna aliyejua kumwomba mtu kitu kabla ya kumjulia hali.

— Msalimie Bwana DC na memsahibu.

— Na watoto.

— Watoto wako shule, Ulaya.

— Ndiyo maana waulizwe!

— Mpe pole, mbwa wake aliumwa.

— Mwambie nasi hatujambo, ila Wakili na mgongo wake.

— Gusia na mvua kidogo.

Theresia akafika na tenga la kabichi kichwani, akatuamkia. Meja akamsomea barua yote kwa Kiswahili, kwa madaha, huku sisi tukiitikia. Dada akasikiliza hadi mwisho.

— Nzuri sana. Na mmesema tunauza nini?

Meja akageuza karatasi. Pande zote mbili zilikuwa zimejaa salamu. Jua lilikuwa utosini.

Alois akaruka, akachomoa kabichi moja tengani, akaizungushia barua, akaifunga kwa kamba ya mkonge, akatimua mbio kuelekea bomani. Benchi zima likasimama kwa shangwe.

— Huyo! Hapo hata Malkia ataelewa!

— Hakuna sheria inayokataza! — akapiga kelele Wakili.

Theresia akatua tenga.

— Wazee wangu, tundu la hilo sanduku lina upana gani?

Meja akaomba kahawa nyingine.