Mashine ya Semisi

Kwenye basi la Nuku'alofa, mama mmoja, Kalolaine, alimweleza jirani yake wa kiti kwamba mumewe Semisi, kwa unene wake, hukatika pumzi akilala. Hospitali ilimpa mashine ya kumpulizia hewa, lakini dada yake Semisi akaja akaichukua.

"Ukamwachia?"

"Mwenzangu, hapa Tonga dada wa mume ananyimwa na nani? Angetaka godoro ningemkunjia."

"Basi kamwombe akurudishie."

"Naye ni mnene, naye hukatika pumzi. Nimwambie afe yeye?"

Mimi bibi ninayewasimulia napenda vitendawili, ila hicho sikukitegua.

"Sasa usiku unafanyaje?"

"Nakesha namtikisa bega mpaka avute pumzi. Jana nilipitiwa na usingizi, nikaamka midomo yake imekuwa ya bluu. Naenda hospitali kuwaomba mashine nyingine."

Basi likasimama hospitali. Jirani akamwita, akamgusa. Kalolaine alikuwa amelala fofofo.