Shangazi Bado Anausikia Mkate

Mgeni rasmi, mkurugenzi wetu mpya, karibu ndani. Ila lichunge hilo koti jeusi. Humu unga hauchagui cheo.

SISI NI NANI
Sisi ni zamu ya asubuhi ya kiwanda hiki cha mikate. Karibu sote tulifundishwa kazi na mkandaji mkuu, tunayemwita Shangazi. Amekanda hapa miaka ishirini na sita.

TULICHOJIFUNZA
Mwaka jana Shangazi alianza kupiga chafya. Tukamtania, "Shangazi, punguza honi!" Naye, "Pisheni basi!" Siku kifua kilipombana hadi akakaa chini, utani uliisha.

Daktari alitueleza hivi. Mwilini mna seli za ulinzi ziitwazo masti, zimejaa vifuko vya kemikali. Mwili wa Shangazi umeuchukulia unga kuwa adui. Unga ukinaswa na kingamwili zilizokaa nje ya seli, protini za ndani hupokezana habari, hii ikiiamsha ile: "Fungua!" Zipo pia protini za breki, zenyewe husema "Subiri!" Breki zikizidiwa, vifuko humwaga kilichomo, njia ya hewa ikabana.

MAFANIKIO
Tuliyaigiza hayo hapahapa sakafuni ili kila mtu aelewe. Wasukuma toroli walipokezana "Fungua!", msimamizi akawa breki. Kelele zikamzidi, na fundi wa tanuri, aliyekuwa seli, akapasua mfuko wa unga wa kweli! Tulitoka weupe hadi kope. Shangazi alikuwa dirishani kwa nje, anacheka huku ameshika mbavu.

CHANGAMOTO
Dawa zinamsaidia, lakini daktari amesema asirudi kwenye unga. Ofisi imeshaandaa barua ya kumstaafisha Ijumaa hii.

OMBI
Tunalo moja tu. Chumba cha kupakia kiko ng'ambo ya uwanja, hakina vumbi. Shangazi hugonga kitako cha mkate kwa kidole, akasikia kama umeiva hadi ndani. Mashine ya hivyo hatuna. Mpe kazi ya ukaguzi huko. Barua ya kustaafu imeshapokezwa toka meza hadi meza. Meza iliyobaki ni yako. Tunakuomba uwe breki.

Ukigeuka kushoto utamwona dirishani, na aproni safi. Kioo ni kizito, hasikii tunayosema. Ukikubali, inua mkono tu, ataelewa.

Mungu akupe afya na pumzi ndefu.

Ni sisi,
Wakandaji, wachomaji na wasukuma toroli wa zamu ya asubuhi,
pamoja na Shangazi, nje ya dirisha.