Eliakimu, Fundi wa Mikono, Anastaafu

Mwanangu anastaafu! Ndiyo, mwanangu, na mimi mama yake bado nabeba ndoo. Haya, sasa salamu: mwakeye nyote wa hospitali.

Eliakimu Ntakije anaaga kazi Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya viungo bandia. Wenzake walitaka kuandika habari zake wao. Nikawaambia, nyinyi mmemkuta na ndevu. Nipeni mimi kalamu.

Alianza kwa kuchonga miguu ya mbao. Ilikuwa mizito, lakini imara: mzee mmoja wa Rusimbi tulishamzika, mguu wake bado unazuia mlango wa jiko.

Kisha ikaletwa printa ya 3D, mashine inayochapa kitu cha kushika, tabaka juu ya tabaka. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Assani, mvuvi wa Ujiji. Ukishatoka mashineni, mkono huoshwa, halafu huwekwa juani ukomae. Mwanangu, mtu wa mwambao wa ziwa, akauanika kwenye kichanja cha dagaa cha shangazi yake. Ulikomaa vizuri sana. Na harufu ikakomaa. Paka walimfuata Assani kutoka Buzebazeba hadi mlangoni mwa msikiti. Akarudi akasema, "Fundi, mkono nimeupenda, ila hawa waumini wapya siwawezi."

Sifa zikaenea. Kutoka Mwandiga akaja baba mmoja, jogoo kwapani, anataka kuchapiwa figo. Figo! Eliakimu akamketisha, akamweleza kwamba wataalamu huko nje wanajaribu kuchapa ngozi na gegedu, ule mfupa laini wa sikio, kwa chembe hai za mgonjwa mwenyewe, lakini figo ina mishipa mingi midogo ya damu. Haijawa tayari kuwekewa mtu. Labda wajukuu wataiona.

"Basi mwandike mjukuu wangu," akasema yule baba, "na jogoo tumle."

Tukamla.

Jambo moja tu lilimkosesha mwanangu raha: akiondoka, nani atachapa? Lulu wa darasa la pili anasubiri mkono, na mtoto anakua, kila mara atataka mkubwa zaidi. Ndipo akamchukua Elida, fundi mpya, akamfundisha kama nilivyomfundisha yeye kusonga ugali: mimi nakaa pembeni, nafunga mdomo. Mikono ya mwanzo ya Elida ilitoka vidole vikitazama nyuma. Eliakimu alikalia mikono yake mwenyewe asije akaingilia.

Mkono wa Lulu ameuchapa Elida peke yake. Siku ya sherehe ya kumuaga mwanangu, Lulu ataujaribu mbele yetu kwa kuniletea kikombe cha chai. Kikifika, mwanangu amestaafu kweli. Kikianguka, Jumatatu mtamkuta karakanani, namjua.

Asanteni kwa kunitunzia mtoto. Nawe Eliakimu, pumzika kwa raha zako, ule ushibe, magoti yasikusumbue.

Asibaki mtu nyumbani: uwanja wa hospitali, saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe mosi Agosti.